Kwa nini shawa ya pili inaua ya kwanza: maji ya bomba kwenye nyumba yenye bafu mbili

Saa kumi na mbili asubuhi kwetu Nzuguni, hapa Dodoma, ilikuwa hivi. Mimi nipo bafu la masta, sabuni kichwani, maji yanatoka vizuri tu, mara mtoto anaingia bafu la korido ajiandae na shule, anafungua, na shawa yangu inabaki uzi. Yale matundu ya katikati yanakauka kabisa, vinabaki vitundu vitatu vya pembeni vinatoa matone. Naita, "Funga kwanza mwanangu nimalizie!" na yeye anajibu, "Baba, hata huku yanatoka kidogo!" Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Kondoa ilibidi tumpelekee maji kwenye ndoo, mtu mzima ana magoti yanayouma anainama kuchota kwa kopo wakati ukutani kuna shawa mpya kabisa, na hiyo iliniuma sana, ndo nikaamua nielewe hili jambo mpaka mwisho.

Kila niliyemuuliza aliniambia neno moja, presha. Presha ndogo, nunua pampu. Sasa kiukweli hapo ndo wengi tunapopotea, maana kuna vitu viwili tunaviita jina moja. Kuna presha, yaani msukumo wa maji, na kuna ujazo unaopita, yaani lita ngapi zinatoka kila dakika. Unaweza kuwa na presha nzuri na lita chache, na unaweza kuwa na lita nyingi kwa presha ya kawaida tu. Shawa mbili kwa pamoja zinahitaji kwanza lita.

Presha ni rahisi kuifikiria kwa mita za urefu. Chukua bomba refu la wazi, lisimamishe pembeni ya mita yako ya maji, kisha uliza maji yangepanda mpaka juu kiasi gani kabla ya kusimama. Yakipanda mita 10, hiyo ni karibu bar 1. Yakipanda 15, bar 1 na nusu. Fundi mmoja alikuja kwangu akafunga geji kwenye koki ya nje, ikasoma bar 1 na nusu, akaniambia presha ipo, nyumba haina tatizo, akaondoka. Na geji haikudanganya. Ila alipima maji yakiwa yamesimama, koki zote zimefungwa. Maji yakisimama, hata bomba jembamba kama mrija wa soda litaonyesha presha ileile ya mwanzo, kwa sababu hakuna kinachopita. Shida inaanza maji yakianza kutembea, yanasuguana na kuta za bomba, na msuguano huo unakula presha njiani.

Na hapa naomba tutulie kidogo maana ndo moyo wa habari yote. Msuguano hauongezeki sambamba na maji. Ukipitisha maji mara mbili, presha inayoliwa inakaribia mara nne, hesabu inatoka kama mara tatu na nusu hivi. Kwangu kutoka kwenye mita mpaka ukutani kwa nyumba ni kama mita 60, na bomba lililozikwa lilikuwa la nusu inchi, ndani kama milimita 15. Shawa ya kawaida inataka lita 8 mpaka 10 kwa dakika ili mtu ajisikie ameoga. Ukipitisha lita 10 kwenye bomba hilo, mita 5 hivi za presha zinaliwa njiani. Nina 15, zimebaki 10, shawa ipo juu kama mita 2, zinabaki 8, unaoga bila wasiwasi. Sasa mtoto naye anataka lita 10 zake, jumla 20. Ili lita 20 zipite kwenye bomba hilohilo unahitaji mita 19 za presha zikaliwe na msuguano peke yake, na mimi ninazo 15 tu. Haiwezekani. Kwa hiyo maji yanajirudisha yenyewe mpaka kiwango kinachowezekana, shawa mbili zinagombania kilichobaki, na ile iliyo mbali zaidi au juu zaidi ndo inaumia.

Chukua hizohizo mita 60, lita 20 zilezile, badilisha bomba tu. Bomba ambalo ndani lina milimita 20, presha inayoliwa inashuka kutoka mita 19 mpaka chini ya 5. La milimita 25, inabaki kama mita 1 na nusu. Bado nakumbuka usiku nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza kwenye kikokotoo cha simu, nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Tofauti ya inchi moja na nusu inchi mkononi dukani unaiona ndogo, ila kwa maji ni maisha mengine.

Huko Uingereza, ambako maji ya bomba hayakatiki hovyo, kipimo kinachotumika kwa makampuni ya maji kwa miaka mingi ni presha ya mita 10 na lita 9 kwa dakika pale bomba linapoingia kwenye mpaka wa kiwanja. Lita 9, yaani shawa moja. Nyumba nyingi zinapata zaidi ya hapo, lakini kiwango chenyewe hakijawahi kuahidi shawa mbili kwa wakati mmoja. Nasema hivi kwa sababu kuna dhana kwamba ukishafungiwa maji ya bomba na mamlaka ya maji basi bafu zote za nyumba zitafanya kazi pamoja, hapana, hiyo kazi ni ya mwenye nyumba na fundi wake.

Kabla hujanunua kitu chochote pima kwanza. Unahitaji ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, hizo ni lita 10 kwa dakika, ikijaa kwa dakika moja ni 20. Pima muda ule ambao mnaoga, asubuhi, sio saa nane za usiku ambapo mtaa mzima umelala na presha iko juu. Kwangu nilipima sehemu tatu. Koki iliyo jirani kabisa na mita ilijaza ndoo kwa sekunde 45, yaani lita kama 26 kwa dakika. Shawa ya masta peke yake, dakika mbili na sekunde 40, lita 7 na nusu. Halafu nikafungua shawa zote mbili, mke wangu yuko korido na ndoo yake, mimi masta na yangu, tunapigiana kelele "anza!" Ya korido ilijaa dakika tatu na sekunde 20, lita 6. Ya kwangu ilipita dakika nane. Lita mbili na nusu, ndo ule uzi.

Sasa soma hizo namba. Mita ilikuwa inatoa 26, nyumba nzima inapata 8 na nusu. Maana yake maji ya mamlaka yalikuwepo, yalikuwa yanabanwa njiani kwenye kiwanja changu mwenyewe. Kama koki ya kwenye mita nayo ingetoa lita 7 au 8, hapo habari ni nyingine, bomba la mtaani lenyewe halina, na hata ukibadilisha mabomba yote ya nyumba hutapata kitu, itabidi uhifadhi kwenye tanki. Kipimo cha shilingi sifuri kinakuonyesha uende njia ipi, na watu wanatumia laki kadhaa bila kukifanya. Mita yenyewe usiilaumu haraka, mita ya nusu inchi inapitisha zaidi ya lita 25 kwa dakika presha ikiwepo. Ila kachujio kake kadogo kakijaa mchanga, hasa baada ya maji kukatika na kurudi, kanabana sana, hapo piga simu mamlaka waje wafungue wao, usiguse lakiri.

Vitu vingine vya kukagua havina gharama. Geti valvu, yaani ile koki ya kufungia laini nzima, imefunguliwa nusu na imeota kutu humohumo. Shawa yenyewe imeziba, na hapa Dodoma maji yetu mengi ni ya visima, yale ya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na maji ya ardhini yana madini, ndo ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika na kwenye matundu ya shawa. Fungua kichwa cha shawa, kiloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua na mswaki wa zamani. Mama mmoja jirani yangu aliamini pampu yake imekufa, kumbe ni matundu tu.

Halafu kuna mtego wa PPR, yale mabomba ya plastiki magumu yanayochomelewa kwa moto. Namba iliyoandikwa pale ni upana wa nje. PPR ya 20 tunaiita nusu inchi, ya 25 tunaiita robo tatu, ya 32 inchi moja. Lakini ukuta wake ni mnene, ile ya 20 ya daraja la PN20 ndani ina milimita 13 na kidogo tu, ya 25 ina 16 na nusu hivi, ya 32 ndo inafika 21. Yaani mtu anayesema nimeweka robo tatu nyumba nzima, maji yake yanapita kwenye tundu la nusu inchi na kitu. Na fundi asiyejua kuchomelea akikandamiza sana, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani kwenye kiungo kama pete, tundu linazidi kuwa dogo na hulioni, maana vigae vishapigwa. Kama bado unajenga, laini kuu iwe PPR ya 32, kila bafu lipate tawi lake la 25 kutoka kwenye laini kuu, na ile ya 20 iishie kwenye kipande kifupi cha mwisho kwenda kwenye shawa au sinki. Usikubali laini moja ya 20 izunguke korido, jiko, choo, halafu masta mwisho. Mimi ndo nilivyofungiwa, na sikujua cha kuuliza.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni koki ya chini, ile ya kukinga ndoo bafuni. Maji yanafuata njia rahisi. Koki ya chini haina matundu madogo ya kubana na iko nusu mita tu kutoka sakafuni, kwa hiyo ikifunguliwa wazi inavuta karibu kila kitu na presha kwenye laini inashuka mpaka haitoshi hata kupandisha maji kwenye shawa ya jirani. Kwa hiyo kabla ya kulaumu shawa mbili, angalia kama hakuna anayejaza ndoo au tanki la choo linalojaa muda huohuo.

Baada ya vipimo nilichimbua ule mtaro wa mita 60, nikatoa nusu inchi nikaweka bomba la plastiki, poli, la milimita 32. Vibarua wawili siku mbili, udongo wetu wa kiangazi mgumu kama saruji ila tulimaliza. Siku maji yakiwepo, shawa mbili zikawa zinaenda pamoja bila kugombana.

Siku yakiwepo. Hapo sasa ndo Dodoma inapoingia. Huu mji mvua yake ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, inanyesha kati ya Novemba, Desemba mpaka Aprili, kisha kimya. Na watu wameongezeka sana, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza 2007, serikali ikatangaza kuhamia mwaka 2016, sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018, na mitaa kama Nzuguni, Iyumbu, Ilazo, Nala imejaa nyumba ambazo kila moja ina bafu mbili au tatu. DUWASA, mamlaka yetu ya maji, wana ratiba za mgao maeneo mengi. Kwa hiyo kutegemea bomba la mtaani liendeshe shawa moja kwa moja hapa kwetu ni kujitafutia presha ya aina nyingine. Njia iliyokaa sawa ni bomba lijaze tanki, na tanki ndo liendeshe shawa. Bomba linajaza taratibu usiku kucha, hata lita 5 kwa dakika zinakupa lita 300 kwa saa, na asubuhi shawa mbili za lita 9 kwa dakika saba zinakula lita 126 tu. Unaona jinsi bomba dogo linavyotosha ukiwa na pa kuhifadhi.

Shida ya tanki ni urefu. Simtanki juu ya mnara wa mita 3, ukipima kutoka usawa wa maji mpaka kichwa cha shawa kilicho mita 2 kutoka chini, umebaki na mita moja na nusu au mbili. Hiyo ni bar 0.2 kwa wingi. Maji yanadondoka, hayasukumi. Ukipandisha mnara mpaka mita 6 unapata kama 4 na nusu, na kwa sababu ya tabia ileile ya msuguano, presha mara tatu inakupa maji kama mara 1.7, sio mara tatu. Kwa hiyo nyumba inayotegemea tanki bila pampu inahitaji bomba nene kuliko zote, inchi moja kamili mpaka karibu na bafu, na shawa yenye matundu mapana, na bomba lishuke moja kwa moja bila kupanda mgongo popote. Likipanda mgongo juu ya dari halafu likashuka, hewa inakaa pale juu maji yakikatika na kurudi, na hewa hiyo inaziba kama kizibo, utagonga ukuta mpaka uchoke. Dawa yake ni kabomba kadogo kanakosimama wima pale kwenye mgongo, juu kuliko tanki, hewa itoke.

Ukiona mnara mrefu ni gharama, weka pampu baada ya tanki. Dukani watakuonyesha ndogo ya nusu hosipawa imeandikwa lita 40 kwa dakika na mita 40. Watu wanasoma hizo namba kama zinakuja pamoja. Hazikuji pamoja. Lita 40 ni pale haisukumi juu kabisa, na mita 40 ni pale hakuna tone linalotoka. Katikati ndo maisha halisi, lita kama 20 kwa mita 20 hivi, ambayo kwa shawa mbili inatosha. Bomba linaloingia kwenye pampu liwe inchi moja, lisiwe jembamba kuliko linalotoka, na weka swichi ya floti, yaani ya boya, kwenye tanki ili maji yakiisha pampu izime, ikizunguka kavu inaungua ndani ya muda mfupi.

Na tafadhali sana usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Najua wanaofanya hivyo, na najua kwa nini, maji yanakuja dhaifu na wewe una watoto. Lakini pampu ikivuta kwenye laini yenye maji kidogo inamnyima jirani wa mwisho kabisa, na mbaya zaidi inatengeneza mvuto ndani ya bomba la mtaani, na kila kiungo kinachovuja kinageuka kuwa mdomo unaonyonya tope la mtaroni, na karibu na mtaro kuna mashimo ya vyoo. Hiyo ni kipindupindu inatafutwa. Uingereza kwenye kanuni zao za 1999 pampu ya moja kwa moja inayozidi lita 12 kwa dakika inahitaji ridhaa kwanza. Hapa kwetu pitia kwenye tanki, na kama umeacha njia ya pembeni kutoka bombani kwenda ndani, weka valvu isiyorudisha maji ili ya tanki yasirudi mtaani.

Mwisho kuna shawa za umeme, zile za kupasha papo hapo, maana Juni na Julai alfajiri ya Dodoma sio ya mchezo. Moja ya wati 5,500 inavuta ampia 24. Mbili kwa pamoja zinakaribia 48, hapo bado pasi na jiko. Kila moja iwe na waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi, na breka yake, na waya wa ethi uliounganishwa kweli. Na kumbuka joto linategemea maji yanayopita. Lita 5 kwa dakika zinapashwa nyuzi kama 16, lita 3 zinapashwa nyuzi 26. Ndo maana mwenzako akifungua shawa yake na maji yako yakapungua, ya kwako yanachoma ghafla, na mtoto anaweza kuungua. Wapo wanaozungusha swichi ya joto kila siku wakidhani shawa ni mbovu, wakati ukirekebisha mabomba hilo linaisha lenyewe.

Kwangu sasa tanki la lita 2,000 liko chini, pampu ya nusu hosipawa na presha tanki ndogo pembeni, ile yenye mpira ndani unaoshika presha ili pampu isiwake kila mtu anaponawa mikono. Ukishafunga hivyo, sikiliza usiku nyumba ikiwa imelala. Pampu ikijiwasha kwa sekunde chache kila nusu saa na hakuna aliyefungua koki, maji yanavuja mahali, na mara nyingi ni tanki la choo. Dondosha rangi ya chakula kwenye tanki la choo usitumie kwa nusu saa, rangi ikitokea kwenye sinki la choo umempata.